Nimelelewa kanisani, sina kisa cha kutisha: nisimame niseme nini?

SWALI

"Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji, na shikamoo. Nina miaka 31, naishi Morogoro. Nimezaliwa na kulelewa usharikani: nilibatizwa nikiwa mchanga, nikapata kipaimara, na mpaka leo naimba kwaya. Mwezi ujao wanawake wa usharika wetu wana semina, nami nimepangiwa dakika kumi za ushuhuda. Semina iliyopita alisimama mama mmoja aliyekuwa mganga wa kienyeji, akafuata kijana aliyekuwa jambazi, ukumbi mzima ukawa vigelegele. Mimi sijawahi kuonja pombe wala kupagawa. Mama yangu aliugua kansa. Tulifunga, tukaomba, akafariki, ingawa hata siku alizoishiwa sauti midomo yake ilikuwa bado inafuatisha tenzi. Miaka mitatu iliyopita niliacha kazi nzuri baada ya kukataa kusaini risiti zisizo za kweli. Sasa natunza hesabu za SACCOS kwa mshahara usiofika nusu ya ule wa zamani. Hayo ndiyo maisha yangu, hakuna zaidi. Mwenzangu wa kamati ameniambia nitie chumvi kidogo ili watu wabarikiwe. Je, imani isiyo na kisa ni imani kweli? Na nikishika kipaza sauti niseme nini? Halafu kuna fomu ya kujaza, inauliza tarehe ya kuokoka. Mimi sina tarehe."

JIBU

Amina, binti yangu, na marahaba.

Nianze na hiyo chumvi, maana ndiyo iliyofanya barua yako iruke foleni ya zote zilizokuwa mezani.

Bibi yangu alipotaka kutusimulia habari za sungura na fisi aliita, "Hadithi, hadithi!", nasi tukaitikia kwa sauti moja, "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!" Tazama wazee walivyokuwa waungwana. Kabla fisi hajafungua mdomo, uongo umekwisha kualikwa kwa jina lake, hadharani, watoto wakisikia. Kila aliyeketi pale anajua kinachokuja, na utamu ukikolea hakuna aliyedanganywa. Ushuhuda hauna kiitikio hicho. Ukisimama ukasema "Bwana asifiwe" na akina mama wakaitikia "Amina", wamekupa masikio yao kwa makubaliano mengine kabisa: kwamba utakayosema yalitokea. Kutia chumvi hapo ni kuupitisha uongo mlango wa uani, ilhali bibi yangu aliupokea sebuleni.

Tena lugha yetu imeliweka jambo hili wazi kuliko sisi wahubiri. Mahakamani tunasema ushahidi, kanisani tunasema ushuhuda. Mzizi ni mmoja, na mtu mwenyewe huku na huku anaitwa shahidi. Hakimu hana haja shahidi awe msemaji hodari. Anamuuliza alikuwa wapi, saa ngapi, aliona nini. Akianza kueleza aliyoyasikia kwa jirani, wakili wa upande wa pili anasimama. Na akianza kuhukumu kesi mwenyewe, hakimu anamkumbusha kuwa hiyo si kazi yake. Sasa kumbuka kwamba neno hilohilo, shahidi, ndilo tunalowaitia wale vijana wa Uganda waliochomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga. Aliyeona na aliyekufa kwa ajili ya alichokiona wanaitwa jina moja. Neno zito namna hiyo si la kutiwa viungo.

Nami sikuambii haya kama msafi. Nilipokuwa mchungaji kijana, nimetoka chuoni juzi, basi nililopanda lilikwama mtoni usiku wa masika. Maji yalikuwa yanapanda, abiria tukaomba, na baada ya muda mrefu trekta likaja likatuvuta. Jumapili iliyofuata nilisimulia hivyohivyo. Lakini kisa kikipendwa kinaota miguu. Mara ya pili ule "muda mrefu" ulipungua. Mara ya nne, katika mkutano wa injili, trekta lilitokea gizani tukiwa hata hatujamaliza kusema "Amina", na dereva wake hakuna aliyejua katoka wapi. Watu walilia. Baada ya ibada akanijia mama mmoja mtu mzima, kanga yake kaifunga kichwani, akanisalimu kwa adabu zote, kisha akasema, "Mchungaji, mimi nilikuwa kwenye basi lile, nilikaa nyuma yako. Yule utingo ndiye aliyekwenda kuita trekta, mwendo wa saa mbili kwa miguu, kwenye mvua. Mbona hujamtaja?"

Sikuwa na jibu. Nilidhani chumvi yangu imemtukuza Mungu, kumbe nilikuwa nimemfuta kijana aliyetembea gizani kwa ajili yetu, mtu ambaye labda ndiye hasa Mungu alimtuma. Tangu siku ile, kila nisikiapo ushuhuda ambamo hakuna dawa, hakuna nesi, hakuna shangazi aliyetoa nauli, hakuna mtu yeyote ila msimuliaji na mbingu, huwa najiuliza utingo yuko wapi.

Sasa nije kwenye swali lenyewe, maana chini ya hiyo chumvi kuna hofu: kwamba asiyetoka mbali hakutoka popote.

Hofu hiyo inatokana na Paulo, au tuseme inatokana na sisi kumsoma Paulo nusunusu. Njia ya Dameski, alikotokewa na Yesu, imekuwa kama ramani ya kila wokovu: mwanga, anguko, sauti, upofu, jina jipya. Lakini kisome Kitabu cha Matendo kwa makini. Habari ile imo mara tatu, sura ya 9, ya 22 na ya 26, na si nakala. Sura ya 9 anasimulia Luka. Sura ya 22 Paulo amesimama kwenye ngazi za ngome Yerusalemu, umati wa Wayahudi wenzake unataka kumrarua, naye anaongea lugha yao, anamtaja mwalimu wake Gamalieli, anaeleza kwamba Anania, yule aliyetumwa kumfumbua macho, alikuwa mtu mcha Mungu mwenye sifa njema kwa Wayahudi. Sura ya 26 yuko Kaisaria mbele ya Mfalme Agripa na liwali Festo. Hapo Anania hatajwi kabisa, upofu hautajwi, ila panaongezeka yale maneno ya kuupiga mateke mchokoo. Je, alitia chumvi? Hapana. Alichagua. Aliyoyaona ni yale yale, lakini alijua anaongea na nani na nini kitawafaa. Kuchagua ni haki ya shahidi, na ni wajibu wake pia, maana hakuna anayeweza kusema yote kwa dakika kumi.

Na matokeo? Hapa ndipo kamati za semina zingeshangaa. Yerusalemu walimsikiliza mpaka aliposikika akitaja mataifa, wakapiga kelele aondolewe duniani. Kaisaria, Festo alimwambia kusoma kwingi kumemtia wazimu, na Agripa akaishia kumjibu kwa maneno ya kejeli au ya kukwepa, wafasiri hawajakubaliana. Hatuambiwi kwamba hata mmoja aliokoka katika mikutano hiyo miwili. Ushuhuda mkubwa kuliko wote katika Agano Jipya, umetolewa mara mbili na mwenyewe, na vigelegele sifuri.

Paulo huyo huyo alikuwa na maono ya kunyakuliwa mpaka mbingu ya tatu. Mtu wa siku hizi mwenye kisa kama hicho angekuwa na kipindi redioni kila Jumatano. Yeye alikitaja baada ya miaka 14, kwa kulazimishwa, akijiita "mtu mmoja" kana kwamba ni habari za mwingine, na akatoa sababu ya kukaa kimya: hakutaka mtu amhesabie zaidi ya anayoyaona na kuyasikia kwake. Aya inayofuata anageukia mwiba wa mwilini mwake, aliouombea mara tatu na haukuondolewa. Kumbuka hiyo mara tatu, nitairudia.

Kando yake mweke Timotheo. Paulo anapomwandikia barua ya pili, anaitaja imani yake kwamba ilikaa kwanza ndani ya bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Basi. Hakuna njia ya Dameski, hakuna mwanga. Kuna bibi, kuna mama, kuna Maandiko aliyoyajua tangu utoto. Ukiniuliza nani kati ya hao wawili anafanana na wewe, sihitaji kufikiri.

Watakuambia, "Mungu hana wajukuu." Nimeisikia sentensi hiyo mara nyingi mno, na ina ukweli wake: imani ya mama haiwezi kuwa yako kwa kurithi kama shamba. Wasamaria wa Sikari walimwambia yule mwanamke wa kisimani kwamba sasa wanaamini wala si kwa sababu ya maneno yake tu, maana wamesikia wenyewe. Lakini lazima pia usome Kumbukumbu la Torati sura ya 26. Mkulima wa Israeli ameleta kapu la malimbuko, kuhani ameliweka mbele ya madhabahu, na anatakiwa kutoa ushuhuda. Anaanzaje? "Mwarami karibu na kupotea alikuwa baba yangu." Kisha anaendelea: Wamisri walitutenda mabaya, tukamlilia Bwana, akatutoa. "Tu," "tu," "tu." Mkulima yule huenda kazaliwa karne nyingi baada ya Misri, hajawahi kufinyanga tofali hata moja. Hata hivyo haambiwi akatafute utumwa wake mwenyewe ndipo aje kushuhudia. Kisa cha watu wake ni chake, na kapu alilolileta ndiyo sehemu yake yeye ndani ya kisa hicho. Mwishoni, baada ya historia yote ile, anasema habari za matunda ya ardhi aliyopewa. Ndizi, mtama, vitu vya kawaida. (Ndizi nimeziongeza mimi, usizitafute kwenye Biblia. Unaona jinsi chumvi inavyoponyoka.)

Hapa kwetu Afrika Mashariki tuna shule nyingine ya ushuhuda ambayo wengi wameisahau, na mimi niliyefundisha historia ya kanisa kwa miaka mingi siwezi kuipita. Mwezi Septemba 1929, juu ya kilima cha Namirembe, Kampala, daktari Mwingereza Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi hospitali ya Gahini, Rwanda, alikutana na Mganda Simeon Nsibambi. Wakakaa siku mbili wakisoma Biblia na kuomba. Church alikuwa amechoka. Rwanda ilikuwa ndiyo inatoka kwenye njaa kali. Kutokana na urafiki huo na mingine kama huo Gahini, ukaanza moto tuuitao Uamsho wa Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1930 ulienea Rwanda, Burundi, Uganda, Kenya, na huku kwetu ukaingilia kaskazini-magharibi, upande wa Bukoba. Waganda wakawaita Balokole, sisi tukasema Walokole: waliookoka. Wimbo wao "Tukutendereza Yesu" bado unaimbwa na watu wasiojua neno jingine la Kiganda.

Wazee wa uamsho ule niliowahi kukaa nao walikuwa na namna yao ya kushuhudia, na haifanani na tunayoiona sasa. Kwanza ilikuwa fupi. Mtu anasimama, anasema jina la Yesu, anasema dhambi, anasema damu imemsafisha, anakaa. Pili, na hili ndilo ninalotaka ulishike, dhambi iliyosemwa haikuwa ya miaka ishirini iliyopita. Ilikuwa ya juma hili. Sukari ya mwajiri. Neno kali kwa mke jana jioni. Wivu kwa ndugu aliyechaguliwa kuongoza. Waliita kutembea nuruni, kutoka Waraka wa Kwanza wa Yohana. Na wamisionari wazungu nao waliketi humo wakakiri kiburi chao kwa Waafrika, jambo ambalo katika enzi zile za ukoloni lilikuwa tetemeko. Tatu, kukiri kulifuatwa na kurudisha. Mtu akishasema sukari, Jumatatu anakwenda nayo kwa mwenyewe.

Nne, walijuana. Huwezi kutia chumvi mbele ya watu wanaojua mke wako anaitwa nani na ng'ombe wako wangapi. Ukijaribu, ndugu mmoja atasema kwa upole, "Ndugu, hapo bado hujafika nuruni." Hicho ndicho tulichopoteza tulipoanza kuwaalika washuhudiaji kutoka mikoa ya mbali, watu tusiowajua, waliosimulia kisa kilekile katika majukwaa hamsini. Simhukumu yule jambazi wa semina yenu. Inawezekana kila neno lake ni kweli, na kama ni kweli basi mbingu zimeshangilia kabla yenu. Nasema tu kwamba ukumbi wenu haukuwa na njia ya kujua.

Sitaki kuwapamba Walokole kupita kiasi, nisije nikafanya la basi tena. Kwa muda maneno yao mengi yaligeuka kanuni ya kukariri, asiyeyatamka akatazamwa kwa mashaka. Wengine walikiri dhambi zao kwa kutaja na walioshirikiana nao, ndoa zikavunjika siku hiyohiyo. Lakini kiini kilikuwa na afya, na mfano ninaoupenda ni wa Festo Kivengere, ambaye alifundisha shule Dodoma kabla ya kuwa askofu kwao Uganda. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa wakati wa Idi Amin, na Kivengere akalazimika kukimbia na mkewe, wakavuka milima usiku kuingia Rwanda. Hebu fikiria kisa hicho mkononi mwa mhubiri wa leo! Giza, milima, askari nyuma. Lakini alichokuwa akikishuhudia kila mahali baadaye ni kwamba huko uhamishoni alikuta moyo wake umejaa uchungu dhidi ya Amin, na ikambidi aungame huo uchungu, amsamehe. Milima ilikuwa ya zamani. Uchungu ulikuwa wa juma lile.

Hata Augustino, Mwafrika wa Thagaste, mji ulioko Algeria ya leo, alifanya hivyo. Katika Maungamo yake, aliyoanza kuyaandika karibu na mwaka 397 akiwa tayari askofu wa Hippo, alikuwa na visa vya kutosha vya kuwashitua watu. Lakini kimoja alichokaa nacho kwa kurasa nyingi ni wizi wa mapeari alipokuwa kijana wa miaka 16, mapeari ambayo hata hawakuyataka, wakawatupia nguruwe. Na alipomaliza kusimulia ubatizo wake na kifo cha mama yake, hakufunga kitabu. Kitabu cha kumi anasema alivyo sasa, askofu mzima, anavyoendelea kupambana na chakula, sifa za watu, na macho yake.

Sasa barua yako.

Umeandika sentensi moja kuhusu risiti, ukaipita kama mtu anayetaja kwamba jana mvua ilinyesha. Nimeisoma mara tatu. Wewe ni mtu wa hesabu. Unajua vizuri kuliko mimi kwamba risiti ya uongo ni ushahidi wa uongo: karatasi inayosema kitu kilinunuliwa ambacho hakikununuliwa. Uliwekewa karatasi hiyo mezani, kalamu ipo, mshahara upo, na ukasema hapana. Halafu leo unaniuliza kama usimame mbele ya akina mama ukasaini risiti nyingine, ya kiroho, kwa ajili ya kamati. Binti yangu, swali hilo ulikwisha kulijibu miaka mitatu iliyopita.

Na ukitaka kujua imani ya mama yako ilikuwa yako lini, mimi ningeanza kutafuta hapo. Sisemi iliingia siku hiyo. Nasema siku hiyo mama hakuwepo ofisini, wala kwaya, wala mchungaji, na kulikuwa na mtu aliyeamini.

Basi, hicho ndicho kisa chako. Lakini nakuonya mapema kuhusu mwisho wake, kwa sababu najua ukumbi unasubiri nini. Unasubiri useme: "Nikaacha kazi, na baada ya miezi sita Bwana akanifungulia mlango mkubwa zaidi." Hakufungua. Una mshahara usiofika nusu. Sema hivyohivyo. Waambie bei ya mchele imekukuta hapo. Waambie kama umewahi kujuta, na kama usiku fulani umepiga hesabu ya fedha ambazo ungekuwa nazo leo, maana mtu wa hesabu lazima amezipiga. Pale ukumbini wamo wanawake ambao Jumatatu wanakwenda kuwekewa karatasi kama ile. Ukiwaambia kwamba kukataa kunalipa mara mbili, watakataa, watasubiri malipo, hayatakuja, na watamkasirikia Mungu kwa ahadi uliyoitoa wewe.

Kuhusu mama. Kwanza pole, hata kama ni siku nyingi. Hulazimiki kumtaja, jeraha ambalo bado linavuja si lazima lifunuliwe kwa kipaza sauti. Lakini ukiamua kumtaja, usimrekebishie Mungu kesi. Usiseme "alimchukua kwa sababu alimpenda zaidi," kama hujui. Paulo aliomba mara tatu, mwiba ukabaki, na alichorudi nacho ni neno moja, "Neema yangu yakutosha," si maelezo. Zaburi ya 88 inaanza kwa kulia na inaishia gizani bila aya ya kufariji, na wazee wa Israeli hawakuikata wala kuiongezea mwisho mzuri. Waliiacha kwenye kitabu cha nyimbo, iimbwe. Wewe uliona kitu: sauti imekwisha, midomo inafuatisha tenzi. Hicho ni cha shahidi. Ukiweza kukumbuka ulikuwa umeketi upande gani wa kitanda, na ni utenzi upi, na kama uliimba naye au ulishindwa, sema hayo, kisha nyamaza kidogo. Wenye kuuguza watakuelewa bila wewe kueleza.

Ya vitendo sasa, harakaharaka. Andika ukurasa mmoja na nusu, usizidi. Kwa mwendo wa kusema na kupumua hutazidi dakika kumi. Usile dakika tatu za kwanza kwa kumshukuru mwenyekiti, katibu, kamati ya chakula na wageni waalikwa. Ingia moja kwa moja: ilikuwa asubuhi, niliitwa ofisini, mezani kulikuwa na karatasi ngapi. Usitaje kampuni wala bosi, hata kwa fumbo. Siku hizi kila mkoba una simu inayorekodi, na kabla hujafika nyumbani ushuhuda wako uko kwenye makundi ya WhatsApp ya watu usiowajua; kisa cha neema kikigeuka kesi ya kuchafuliana majina hakitakuwa na faida. Vivyo hivyo kwa mumeo, ndugu zako, na magonjwa ya watu wengine: siri ya mtu si sadaka yako ya kutoa. Ukishaandika, msomee mtu aliyekuwepo. Kama kuna mfanyakazi mwenzako wa zamani mnayeelewana, au dada yako aliyemuuguza mama pamoja nawe, msomee, umwambie akusahihishe. Mimi ningempa yule mama wa basi karatasi yangu mapema, nisingeaibika.

Na umtaje utingo wako. Kuna mtu alikukopesha kodi ya nyumba baada ya kuacha kazi, au alikuambia nafasi ya SACCOS imetoka. Yupo. Mtafute.

Mwenzako wa kamati akisisitiza habari za chumvi, usigombane naye. Ana nia njema: anataka watu wabarikiwe, na ameona vigelegele akadhani ndiyo baraka yenyewe. Mwombe dakika saba badala ya kumi.

Sasa fomu. Tarehe ya kuokoka. Nilicheka, usinielewe vibaya. Ningependa kuona Petro akiijaza fomu hiyo. Aandike siku aliyoacha nyavu ziwani? Siku ile ya Kaisaria Filipi alipomkiri Kristo, na muda mfupi baadaye akaambiwa "rudi nyuma yangu, Shetani"? Asubuhi ya jogoo? Pwani, baada ya ufufuo, alipoulizwa mara tatu kama anampenda, akahuzunika? Au Yafa, juu ya dari, alipoteremshiwa ile nguo yenye wanyama, akagundua kwamba bado kuna mambo hajayaelewa? Wapo wanaoijua siku yao na saa yake, nami nafurahi nao. Wengine wanajua tu kwamba kumekucha, bila kuona jua likichomoza.

Nafasi hiyo iache wazi. Fomu ikirudishwa, andika tarehe ya ubatizo wako. Hiyo angalau ina cheti.